Tatu, Labda Nne

Saa mbili kasorobo asubuhi ya Jumanne, Aukje alikuwa tayari mezani na simu mbele yake. Simu ya daktari hufunguliwa saa mbili kamili, na kila mtu wa kijiji chetu cha Hichtemar anajua kwamba ukipiga saa mbili na dakika mbili, umeshachelewa. Upande wa pili wa meza, binti yake Jeltsje alikuwa amechovya mkono wa kulia kwenye bakuli la maji moto yenye magadi. Mkono wa kushoto uliendelea kumpelekea mkate na jibini mdomoni kama kawaida.

"Acha kunitazama, Mama. Ni kidole tu."

"Kidole gani hicho chenye rangi ya bilinganya?"

"Cha kati."

Jeltsje alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alifanya kazi ya kuezeka mapaa kwa matete pamoja na baba yake. Ijumaa iliyopita, akisukuma tita la matete juu ya paa, kibanzi kilimwingia chini ya ukucha na kukatikia humo humo. Alichomoa alichoweza kwa koleo, akajifuta kwenye suruali, akaendelea na kazi. Angejulikanaje kuwa ni binti wa Wybren Terpstra kama angefanya vingine?

Wybren mwenyewe aliingia jikoni kwa soksi, viatu vyake vya mbao ameviacha mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa maneno machache, na kidole kimoja cha mkono wake wa kushoto hakikuwa na ncha. Alijimiminia kahawa, akafungua kopo la mkate wa sukari, akatoa vipande vitatu, kimoja kwa kila mtu, kisha akalifunga kopo. Ndivyo ilivyo katika nyumba hiyo na katika nyumba nyingi za huku: kahawa moja, kipande kimoja, kopo linafungwa. Sijawahi kuona mtu akiomba cha pili.

"Bado ni mambo ya kidole?" aliuliza.

"Jumamosi ni fainali, Wybren," Aukje alisema. "Anaruka na kidole hicho?"

"Mimi nilipokatwa na msumeno sikumpigia mtu simu." Akagonga meza kwa kile kidole kifupi, kama alivyogonga kila mara hadithi ya msumeno ilipofika mwisho wake.

Jumamosi! Hapo ndipo penye moto wa jambo lenyewe. Fainali ya kuruka mifereji kwa mlingoti haikuwa imefanyika Hichtemar kwa miaka kumi na moja, na sasa ilikuwa inarudi nyumbani. Bendera zilishatundikwa, mchanga wa warukaji kutua ulishapigwa reki, na mwokaji wa kijiji alishaandika jina la Jeltsje kwa sukari kwenye keki ya dirishani. Rekodi yake ilikuwa mita kumi na sita na sentimita ishirini. Hakuna mwanamke wa kijiji hicho aliyewahi kufika kumi na saba, na tangu majira ya kuchipua Jeltsje alikuwa akiiota namba hiyo kama mtoto anavyoota siku yake ya kuzaliwa. Ila mlingoti hupandwa kwa vidole kumi. Vidole tisa havitoshi.

Saa mbili kamili Aukje akabonyeza. Sauti ya kwenye mashine ikamwambia kwamba daktari wao yuko likizo mpaka katikati ya Agosti, na kwamba mambo yasiyoweza kusubiri yapelekwe kwa daktari wa Aldsyl, kilomita kumi na nne. Akapiga Aldsyl. "Wewe ni wa tisa kwenye foleni." Akasubiri. Kahawa ikapoa. Hatimaye ikaja sauti ya mtu hai, msaidizi wa daktari, anaitwa Marloes.

Aukje alieleza habari ya kibanzi. Marloes akauliza kama kuna homa. Hapana. Kama kuna mstari mwekundu unaopanda mkononi. Hapana.

"Sasa niambie, kuanzia sifuri mpaka kumi. Sifuri hakuna maumivu, kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Anaumwa kiasi gani?"

Aukje akaziba simu kwa kiganja. "Anataka namba."

Jeltsje akamtazama baba yake. Baba yake akaitazama kahawa.

"Tatu," Jeltsje alisema.

"Tatu," Aukje aliiambia simu. Halafu akahisi anaficha kitu, na kwa ujasiri mkubwa akaongeza, "Labda nne."

Ukweli ni kwamba binti huyo hakuwa amelala usiku kwa siku mbili. Alilala chali, mkono juu ya mito mitatu, akisikia moyo wake ukipiga ndani ya kidole. Lakini mtu wa huku atakupaje namba kubwa? Sisi ndio watu ambao tukila chakula kitamu kuliko vyote maishani mwetu, tunamwambia mpishi, "Kingeweza kuwa kibaya zaidi," na mpishi anakwenda nyumbani akitabasamu. Kwa hesabu ya nyumba ya Terpstra, nane ni ya mtu aliyeangukiwa na paa, na tisa ni ya mtu aliyeangukiwa na paa akiwa anazaa. Kumi haijawahi kutumika.

Marloes alichapa kwenye kompyuta yake. Vidonge vya parasetamoli, viwili mara nne kwa siku. Maji ya magadi, mara nne kwa siku. Ikizidi, wapige tena.

"Asante sana," Aukje alisema. "Samahani kwa usumbufu."

"Umeona?" Wybren alisema, akisimama. "Maji ya magadi. Hata bibi yangu angekwambia hivyo, na yeye hakuwa na foleni."

---

Jumatano walikuwa juu ya paa la zizi la zamani, baba upande mmoja wa ngazi na binti upande wa pili. Jua lilikuwa kali, na kutoka huko juu Jeltsje aliweza kuona mfereji wa mashindano ukimetameta na watu wakipanga mabenchi. Kila alipouinua ubao wa kupigia matete, kidole kiliruka peke yake ndani ya glovu. Saa nne ubao ukamponyoka, ukateleza paa zima na kuangukia chini, hatua moja kutoka kwa ng'ombe.

"Huyo ng'ombe alikukosea nini?" Wybren aliita.

"Ameniangalia vibaya."

Walicheka wote wawili. Kisha Wybren akashuka mwenyewe kuuokota ubao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu binti yake atimize miaka kumi na sita, na alipompa hakumtazama usoni. Alitazama glovu.

"Inakwendaje?"

"Inakwenda."

"Basi sawa."

Jioni, jua likiwa bado juu, Jeltsje alikwenda mazoezini. Aukje alimfuata kwa baiskeli, akasimama ukingoni akijifanya amekuja kuangalia mabenchi. Chama kizima kilikuwapo, vijana kwa wazee, na kila mmoja alikuwa na neno.

"Haya, bibi mita kumi na saba! Tuonyeshe!"

Jeltsje akavua soksi. Akauangalia mlingoti uliosimama katikati ya maji, akapumua mara mbili, akatimua mbio kwenye daraja la mbao. Mbao zikanguruma. Akaruka, akaukamata mlingoti kwa mikono na miguu, na mlingoti ukaanza kulala kuelekea ng'ambo huku yeye akiupanda, mkono juu ya mkono, haraka, haraka, kama mtu anayefukuzwa. Ukingoni watu walipiga kelele. Aukje alisahau kujifanya, akapiga kelele kuliko wote. Jeltsje alikuwa juu kabisa, mlingoti umeshapita katikati, mchanga unamngoja, na ndipo alipofumba kidole cha kati kuukaza mkono wa kulia.

Mkono ulifunguka wenyewe. Alianguka katikati ya mfereji kwa kishindo, na maji ya kijani yakawarukia watu wa benchi la kwanza.

Alipoibuka alikuwa na majani kichwani na anacheka. Watu nao wakacheka. Aukje peke yake ndiye aliyeona kwamba binti yake anaogelea kwa mkono mmoja, na ule mwingine ameuinua juu ya maji, na midomo yake imekuwa myeupe.

"Namba!" Aukje alipaza sauti kutoka ukingoni.

"Tatu!" Jeltsje akajibu.

---

Alhamisi asubuhi ukucha ulikuwa umeinuka. Chini yake palikuwa pa njano, na ngozi ya pembeni imevutika mpaka inang'aa. Maji ya mfereji, yenye samadi ya mashamba yote ya jirani, yalikuwa yamefanya kazi yake. Aukje hakungoja. Walipanda baiskeli wakaenda kwenye duka la dawa, Jeltsje akiendesha kwa mkono mmoja na ule mwingine akiubana kifuani.

Mfamasia alikuwa mzee mwenye miwani iliyokaa nchani mwa pua. Aliutazama ukucha akavuta hewa kwa meno.

"Hiki hakitaki vidonge vyangu. Hiki kinataka kufunguliwa, usaha utoke. Na dawa ya kuua vijidudu siwezi kukupa bila karatasi ya daktari. Mmempigia?"

"Tumepiga," Aukje alisema. "Walisema parasetamoli."

"Kwa kidole hiki? Mliwaambia nini?"

Nyuma yao palikuwa na watu wanne wenye tiketi zao za foleni, na wote walikuwa wameacha kuzungumza. Aukje alihisi masikio yanawaka moto.

"Tatu," alisema kwa sauti ndogo.

"Tatu!" Mfamasia alishusha miwani. "Mama, mimi huyu nimezaliwa Hichtemar. Usiniambie mimi tatu. Nenda nje, piga simu, na useme ukweli."

Walitoka wakiwa wameinamisha vichwa. Mbele ya duka Aukje akapiga simu. Wa kumi na nne kwenye foleni. Jeltsje aliegemea baiskeli, macho amefumba, jasho likimtoka wakati upepo ulikuwa wa baridi. Dakika ishirini zikapita, na Aukje alizitumia kujifundisha kusema. Inauma sana. Inauma sana sana. Hajalala. Alikuwa nayo yote mdomoni, tayari, tena kwa mpangilio, mpaka Marloes alipopokea na kumsalimia kwa upole. Upole ule ukamwondolea kila kitu.

"Imebadilika tangu Jumanne?"

"Imevimba kidogo."

"Kidogo?"

"Ndiyo. Kidogo hivi."

"Na maumivu? Namba gani?"

Aukje alimgeukia binti yake kwa macho ya kuomba. Jeltsje alifumbua jicho moja. Watu wale wanne wa duka la dawa walikuwa wanatoka sasa, mmoja mmoja, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Nne," Jeltsje alisema. Meno yake yaligongana. "Mwambie nne na nusu."

"Nne na nusu," Aukje alisema.

"Sawa. Daktari amejaa leo na kesho, lakini nina nafasi Jumatatu saa nne na dakika kumi."

"Jumatatu ni vizuri sana. Asante. Samahani."

Alikata simu.

"Mama! Fainali ni Jumamosi!"

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye uliyeshika simu!"

"Na wewe ndiye mwenye kidole! Nne na nusu, nne na nusu! Hiyo nusu ulikuwa unamwekea nani?"

Waligombana hapo hapo, mbele ya dirisha la mwokaji lenye keki na jina, kwa sauti ambayo mtaa ule haukuwa umeisikia tangu siku mvua ya mawe ilipovunja madirisha. Mwanamke aliyekuwa anapita na mbwa alivuka barabara. Kisha Jeltsje akaanza kutetemeka, na mama yake akavua sweta akamvika, na wakarudi nyumbani wakizisukuma baiskeli.

---

Ijumaa saa mbili kamili Aukje alikuwa wa kumi na tisa. Jeltsje aliketi mbele ya bakuli lake na hakuwa amegusa mkate. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Wybren aliingia kwa soksi, akamimina kahawa, akafungua kopo, akatoa vipande vitatu, akalifunga.

Alipokuwa anamsogezea binti yake kipande chake, ndipo alipouona. Mstari mwekundu, mwembamba, ulioanzia kwenye kifundo cha mkono na kupanda kwa ndani mpaka karibu na kiwiko.

Wybren aliiweka kahawa chini. Aliiweka vibaya, ikamwagika mezani, na hakuifuta. Mke wake aliona hilo akashtuka kuliko alivyoshtuka kuuona mstari wenyewe.

"Vaeni viatu," alisema.

"Niko wa kumi na tisa," Aukje alisema. "Sasa wa kumi na nane."

"Aukje. Viatu."

Gari la kazi lilinuka matete na mafuta. Wybren aliendesha kwa kasi ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwona nayo, vipande vya matete vikiruka nyuma yao barabarani. Walipita kanisa, wakapita mashine ya upepo, na kilomita mbili kabla ya Aldsyl taa nyekundu ikawaka, kengele ikalia, na daraja likaanza kuinuka mbele ya pua zao.

Ilikuwa ni msururu wa mashua za watalii, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kuna watu walikuwa wanakunywa divai. Saa tatu asubuhi! Wybren alihesabu tano, sita, saba. Kisha akaegemea honi na kuibana kwa kiganja kizima. Katika miaka thelathini ya kuendesha gari hakuwahi kumpigia mtu honi. Watu wa mashuani waligeuka, wakafurahi sana, wakampungia mikono.

"Wanadhani unawasalimia, Baba," Jeltsje alisema. Aliegemeza kichwa kwenye kioo. Alijaribu kucheka lakini hakufika mbali.

"Namba," Wybren alisema, bila kumgeukia.

"Nini?"

"Nipe namba. Mimi, si wao."

Mashua ya nane ikapita. "Sijui, Baba. Sijui huwa mnahesabu kuanzia wapi."

---

Marloes alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amekaa nyuma ya kioo na vifaa vya sikioni. Katika chumba cha kungojea palikuwa na watu watano, na Wybren aliwafahamu watatu, kwa sababu alikuwa ameezeka mapaa yao. Walimtikisia vichwa kumsalimia. Naye akatikisa.

"Mna miadi?" Marloes aliuliza.

"Jumatatu."

"Leo ni Ijumaa, bwana."

"Najua siku."

"Basi itabidi mpige simu kwanza, tuone kama..." Alimtazama Jeltsje, akaona jasho, akasita. "Kuanzia sifuri mpaka kumi, unaumwa kiasi gani sasa hivi?"

Jeltsje alijikaza. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. "Tano," alisema, na akaona haya kwa kutaja namba kubwa hivyo mbele za watu.

"Muongo," Wybren alisema.

Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya kaunta, kiganja chini, kidole kifupi kikimwelekea Marloes.

"Unakiona hiki? Wote hapa mnakijua. Nimewaambia msumeno. Haukuwa msumeno." Akakohoa, akaendelea kwa nguvu zaidi, kwa sababu alijua akinyamaza sasa hataanza tena. "Kilikuwa kibanzi cha tete. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kila mtu aliyeniuliza nilimwambia si mbaya, inakwenda. Siku tisa nilisema si mbaya. Siku ya kumi homa ilinipanda mpaka nikawa naongea na ng'ombe, na hospitali wakakikata. Nilimwita mama yangu kwa kelele mpaka wodi nzima ikaamka. Halafu nikarudi nyumbani nikasema msumeno, kwa sababu msumeno ni kitu cha mwanamume."

"Wybren," Aukje alisema. "Miaka ishirini na sita nimelala pembeni ya huo msumeno."

"Najua."

"Nimeuhurumia!"

"Najua, mke wangu." Alimgeukia Marloes. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta. "Nimemlea huyu asiseme. Makosa ni yangu, si yako. Sasa andika kumi. Na kama kompyuta yako haikubali kumi, andika kwamba Wybren Terpstra analia kwenye kaunta, wakubwa wenu waone ni namba gani."

Magazeti yote yalikuwa yameshushwa magotini. Kisha bibi mmoja mnene wa kiti cha kwanza, ambaye zamu yake ndiyo ilikuwa inafuata, akanyanyua mkoba wake kutoka kwenye kiti cha jirani.

"Mpeni zamu yangu," alisema. "Mimi nimekuja kwa masikio tu. Kwanza siku hizi nasikia vizuri kupita kiasi."

Marloes alivua vifaa vya sikioni. Alizunguka kutoka nyuma ya kioo, akaushika mkono wa Jeltsje kwa uangalifu, akakitazama kidole kile ambacho alikuwa amekiandika mara mbili na hajakiona hata mara moja. Rangi ikamtoka usoni.

"Kwa nini hamkusema?"

"Tulisema," Aukje alimjibu. "Tulisema tatu."

---

Daktari Custers alikuwa mtu wa kusini, kutoka Limburg, kule ambako mtu akijikwaa mtaa mzima unapata habari. Alikuwa ameshika nafasi ya daktari wa Aldsyl kwa majira ya joto tu. Marloes alikuwa ameshamsimulia yote, naye aliongea wakati wote akinawa mikono.

"Wiki yangu ya kwanza nilielezwa: mtu wa huku akikupa namba, ongeza mbili. Marloes naye anaongeza, mpeni haki yake. Tatu akapata tano, nne na nusu akapata sita na nusu. Zote mbili husubiri. Kumbe kwenu nyie natakiwa nizidishe kwa mbili! Kaa hapa, binti. Sindano mbili za ganzi, na hizo zitauma. Ukitaka kupiga kelele, piga. Milango yangu ni mizito."

Jeltsje alimtazama baba yake. Wybren akatikisa kichwa kukubali.

Basi Jeltsje akapiga kelele. Alianza na ndogo ya kujaribu, halafu ikatoka yote, ya siku nane nzima, mpaka Aukje akaziba masikio na kule nje bibi wa masikio akasema "Enhe!" kwa sauti.

Ganzi iliposhika, daktari akaukata upande wa ukucha na kuuinua. Usaha ulitoka kwa wingi uliomfanya Wybren atazame dari. Kisha, kwa kibanio, daktari akavuta kitu kidogo, akakiweka kwenye kitambaa cheupe. Kilikuwa kibanzi cha tete, urefu wa punje ya mchele, bado cha rangi ya dhahabu.

"Huyu hapa bwana mkubwa," daktari alisema. Alimfunga bendeji nene, akaandika dawa ya kuua vijidudu, akauzungushia ule mstari mwekundu alama za kalamu mkononi. "Ukivuka alama hizi, msipige simu. Njooni mbio. Mngengoja Jumatatu, ningemtuma hospitali, na huenda angerudi na msumeno wake mwenyewe."

Wybren alikubali kwa kichwa. Hapo mtu angedhani mambo yamekwisha, na wote wangepumua. Lakini Jeltsje alikuwa anaitazama bendeji ile, nene, ya kitoto, na swali lilikuwa chumbani tangu walipoingia.

"Na kesho?" aliuliza.

"Kesho kuna nini?"

Wakamweleza, wote watatu kwa pamoja, mlingoti, mfereji, miaka kumi na moja, mita kumi na saba, keki ya dirishani. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kelele, lakini alipojibu alijibu taratibu.

"Hapana, mpenzi wangu. Kesho hapana. Wiki tatu hapana."

Jeltsje aliinamisha kichwa. Katika nyumba ya Terpstra mtu akiambiwa hapana husema basi sawa, na kinywa chake kilianza kweli kulitengeneza neno hilo.

"Sasa hivi unaumwa kiasi gani?" daktari aliuliza, kalamu mkononi. "Kwa ajili ya faili."

"Kidole, sifuri."

"Vizuri."

"Lakini kutoruka kesho," Jeltsje alisema, na uso wake ukavunjika, "kutoruka kesho ni kumi. Ni kumi kabisa!" Akalia kwa sauti, mabega yale makubwa yakitikisika, kama alivyokuwa hajalia tangu ajue kutembea.

Wybren hakujua aipeleke wapi mikono yake. Mwishowe aliuweka ule wa kushoto mgongoni mwa binti yake. "Na mimi," alisema. "Na mimi ni kumi."

---

Jumamosi watu walijaa kingo zote mbili za mfereji, na bendi ilipiga, na jua likawaka kama limekodiwa. Akina Terpstra walikaa benchi la kwanza, termosi ya kahawa miguuni na kopo la mkate wa sukari magotini mwa Wybren. Kila mrukaji alipotimua mbio, Jeltsje aliinuka nusu kutoka kwenye kiti na mikono yake ikapanda mlingoti hewani, wenye bendeji na usio na bendeji. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliwashangilia hata wale aliowahi kuwashinda mara tano.

Mshindi wa wanawake alitua kwenye mita kumi na sita na sentimita tano.

Sentimita kumi na tano chini ya rekodi ya Jeltsje. Namba ilitangazwa kwenye kipaza sauti mara mbili, na benchi zima likajitahidi kutomwangalia. Ni mwokaji peke yake, aliyekaa nyuma yao, aliyeinama mbele.

"Pole, Jeltsje. Inakwendaje?"

Jeltsje alikuwa na jibu la siku zote, nalo lilikuwa limeshakaa kwenye ulimi. Aliutazama mlingoti uliosimama peke yake majini.

"Inauma," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo. "Inauma sana!"

Watu wakageuka. Mwokaji akabaki mdomo wazi. Aukje alimshika binti yake mkono, ule mzima.

Kila mmoja alikuwa ameshakula kipande chake saa nne, na kopo limefungwa. Wybren alilitazama kwa muda. Kisha akaliweka sawa magotini, akalifungua tena, na kwa kidole chake kifupi akamsogezea binti yake kipande cha pili.